Mita ya Shirika, Bodi Yako: Unapobadilisha Meni Swichi ya Nyumba

Nyumba nyingi za mijini Tanzania zilifungwa nyaya kwa mahitaji ya siku zile: taa sita, redio, pasi, baadaye friji. Leo humohumo kuna hita ya kuogea, pampu ya kisima, kiyoyozi chumbani, jiko la umeme na vyumba viwili vya wapangaji vilivyovutiwa waya kutoka sebuleni. Meni swichi ni ileile. Ikifika jioni inanuka plastiki iliyoungua, breka inaruka kila hita ikiwashwa, au, mbaya zaidi, hairuki kabisa kwa sababu fundi aliyepita aliziba nafasi ya fyuzi kwa waya mnene wa shaba ili asiitwe tena. Bodi ya namna hiyo hairekebishiki. Inabadilishwa.

Wengi wakishaamua hivyo huenda moja kwa moja dukani. Subiri kidogo. Kazi hii ina mpaka, na asiyeujua ndiye anayelipa mara mbili. Waya unaotoka kwenye nguzo, mita, na lakiri zilizofungwa kwenye mita ni mali ya TANESCO, hata kama mita imepigiliwa kwenye ukuta wako, na hata kama ulilipa ile ada ya shilingi 320,960 iliyoanza kutozwa mijini Januari 2022 kwa kuunganishwa njia moja bila nguzo. Kuanzia pale nyaya zinapotoka kwenye mita kuja kwako, kila kitu ni chako: waya wa kuingilia bodi, bodi yenyewe, breka, nyaya za ukutani, soketi, na ethi. Shirika halitakuja kukubadilishia bodi. Fundi wako naye, awe hodari kiasi gani, haruhusiwi kukata lakiri. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inahesabu kuchezea mita kuwa kosa, na mkaguzi akikuta lakiri imekatwa atamhoji mwenye nyumba kwanza. Fundi atakuwa ameshalipwa na kuondoka.

Ninayoyasema hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ni ZECO na mita zake za TUKUZA. Kenya ni Kenya Power na mafundi wenye leseni ya EPRA. Fomu na majina hubadilika, mpaka ni uleule.

Soma mita kabla ya kuuliza bei ya bodi

Usoni mwa mita ya LUKU pameandikwa mengi unayohitaji. Tafuta maandishi kama 5(60)A au 10(80)A. Namba iliyo ndani ya mabano ndiyo ampea nyingi kabisa ambazo mita hiyo inaweza kubeba. Ampea 60 kwa volti 230 ni wati 13,800, basi. Bodi yenye breka kuu ya ampea 100 haiongezi hata wati moja juu ya hapo. Watu hununua bodi kubwa wakidhani wamenunua umeme mwingi, kumbe wameondoa kinga tu: breka kuu ikizidi uwezo wa mita, kitakachoanza kuungua ni mita, nayo si yako. Breka kuu ilingane na mita au iwe chini yake.

Kisha piga hesabu ya mzigo. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kila kifaa, gawa kwa 230, utapata ampea. Hita ya kuogea ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24. Jiko la sahani nne lenye oveni, tuseme kilowati 7, linafika ampea 30 likiwashwa lote. Birika la kilowati 2 ni karibu ampea 9. Kiyoyozi cha BTU 12,000 ni kama ampea 5, na pampu ya nguvu farasi moja vivyo hivyo ikishaanza kuzunguka, ingawa ile sekunde ya kuanza huvuta mara kadhaa zaidi. Friji, televisheni na taa za LED hazikusumbui. Jumla hapo ni 73, na mita ni ya 60. Lakini hesabu hiyo ni ya vitu vyote kuwaka kwa wakati mmoja. Swali la kweli ni hili: saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, nyumbani kwako kinawaka nini na nini kwa pamoja?

Kama kweli watu wanaoga, wanapika na kuvuta maji saa moja, dawa ya kwanza ni kuipanga pampu ijaze tangi mchana. Dawa ya pili ni kuomba umeme wa njia tatu, na hiyo ina gharama zisizotajwa dukani: mita nyingine, bodi ya aina nyingine, mara nyingine waya mpya kutoka nguzoni, na daraja la bei. Kwa bei za mwaka 2016, mteja wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi; wa T1 hulipa 292 tangu uniti ya kwanza, kabla ya kodi na tozo. D1 ni ya njia moja pekee. Bibi anayeishi peke yake na kutumia uniti 60, akishawishiwa kuweka njia tatu kwa sababu “ina nguvu”, anatoka kwenye shilingi 6,000 anaingia kwenye 17,520 kwa umeme uleule. Maoni yangu ni kwamba nyumba ya familia ya kawaida haihitaji njia tatu. Inahitaji njia moja iliyofungwa sawasawa. Mwenye karakana ya kuchomelea au mashine ya kusaga, huyo ni mwingine.

Lini unawahitaji TANESCO

Bodi mpya ikikaa palepale ilipokuwa ya zamani, mzigo usipoongezeka, na kati ya mita na bodi kukawa na swichi ya kukatia, kazi yote iko upande wako wa mpaka. Fundi anashusha swichi hiyo, anapima kuhakikisha hakuna moto, anaanza.

Nyumba nyingi hazina swichi hiyo. Nyaya zinatoka kwenye mita na kuingia moja kwa moja kwenye bodi, maana yake zina moto saa zote, hata meni swichi ikiwa imeshushwa. Hapo ndipo mafundi hufanya kazi “kwa uzoefu”, mkono mmoja mfukoni. Usikubali. Nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako au piga 180, omba kukatiwa kwa muda ili ubadilishe bodi, na panga nao siku ya kurudishiwa. Siku hiyo fundi aweke isoleta kati ya mita na bodi, inayokata waya wa moto na nyutro kwa pamoja. Bei yake si kitu ukilinganisha na bodi, na hutawahitaji tena watu wa shirika kila unapotaka kugusa bodi yako.

Kuna hila moja inayopendwa mitaani: kusubiri uniti ziishe, LUKU ikate, kisha fundi afanye kazi. Inaonekana ya akili lakini ni ya hatari. Mita ikikata, upande wa kuingia bado una moto kamili, na kile kinachokata ndani yake kimetengenezwa kuzuia matumizi, hakikutengenezwa kulinda mkono wa mtu. Zaidi ya hapo, yupo ndugu aliye mjini ambaye simu yake hutumika kununua umeme wa nyumbani. Akikutumia tokeni kwa nia njema na mtu akaiingiza, nyumba inawaka fundi akiwa ameshika waya.

Mita ikiwa mahali pabaya, chini ya paa linalovuja, nyuma ya kabati au ndani ya chumba ulichopangisha, huu ndio wakati wa kuomba ihamishwe, maana bodi nayo inahama. Ombi hupelekwa kwa maandishi, mpimaji huja, makadirio hutolewa, nawe hulipa kwa namba ya malipo ya serikali inayotoka kwenye mfumo. Hakuna hatua hata moja katika hizo ambayo fedha inapita mkononi mwa mtu. Hiyo ndiyo njia nyepesi ya kumtambua kishoka, yule anayejifanya mtu wa shirika. Vishoka wanavaa vizuri, wanajua majina ya wakubwa, wanaweza hata kuwa na koleo lenye mpini mwekundu kama la fundi wa shirika. Namba ya malipo hawana.

Ukibadilishiwa mita, piga picha ya uniti zilizobaki kwenye ile ya zamani kabla haijashushwa, na omba zihamishiwe kwenye mpya. Tokeni ya tarakimu 20 imefungwa na namba ya mita moja. Uliyoinunua jana kwa mita ya zamani haiingii kwenye mpya. Na kama nyumba ilifungwa muda mrefu, kumbuka zoezi la 2024: kabla ya 24 Novemba mwaka huo wateja waliponunua umeme walipewa tarakimu 60, makundi matatu ya ishirini ishirini, za kusasisha mita. Nyumba isiyokuwa na mtu ilipitwa. Ukifungua mlango leo, ukafunga bodi mpya, tokeni ikakataliwa, usimlaumu fundi wa bodi. Tatizo liko upande wa pili wa mpaka, na ofisi ya wilaya ndiyo yenye dawa.

Wenye wapangaji huomba mita ya pili katika shughuli hiihii. Ni uamuzi mzuri, unamaliza ugomvi wa “nani aliwasha hita”. Lakini tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo siku ya kuomba uliza mita hizo mbili zitaunganishwaje na jengo moja, usije ukakatwa mara mbili.

Fundi

EWURA hutoa leseni za ufundi umeme kwa madaraja, na daraja ndilo linaloamua fundi aguse kazi ya ukubwa gani. Omba kuiona, soma na tarehe ya mwisho. Kisha muulize ana vifaa gani vya kupimia. Unataka kusikia “mega”, kifaa kinachosukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa ili kuona kama ganda la waya limechoka. Unataka kusikia kifaa cha kupima ethi. Fundi anayekuja na testa ya bisibisi pekee amekuja kubahatisha, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Huyo wa shangazi ndiye mgumu kuliko wote, maana kumkatalia ni kikao cha ukoo. Mpe kazi ya kuchimbia bomba na kupiga plasta.

Kama nyumba ni ya zamani, mwambie fundi mapema kuhusu rangi. Nyaya za zamani zilizofuata desturi ya Kiingereza zina nyekundu kwa moto na nyeusi kwa nyutro. Nyaya za sasa zina kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro, na katika njia tatu nyeusi ni mojawapo ya nyaya za moto. Weusi uliokuwa salama mwaka 1990 unaweza kuua leo. Ndani ya bodi moja zikikutana rangi za zama mbili, kila ncha iandikwe, na jibu la mwisho litoke kwenye kifaa cha kupimia.

Ethi ni yako peke yako

Hapa ndipo nataka ukae zaidi, kwa sababu ndipo panaporukwa. TANESCO inakuletea waya wa moto na nyutro. Ethi hailetwi na mtu. Unaichimbia mwenyewe kwenye kiwanja chako. Nyumba nyingi zina waya wa kijani na njano uliotoka kwenye bodi, ukashuka ukutani, ukaishia kwenye kipande cha nondo ya ujenzi kilichopigiliwa futi mbili, au ukaishia hewani.

Fanya hesabu hii na fundi wako. Tuseme ethi yako imepimwa na kukuta omu 20, ambazo kwa mchanga wa pwani si haba. Waya wa moto ndani ya mashine ya kufulia unachubuka na kugusa bati. Umeme unaokimbilia ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya soketi ni ya ampea 20. Haitaruka. Kwa breka hiyo, ampea 11.5 ni pasi na birika tu, mambo ya kila siku. Bati la mashine litabaki na moto mpaka mtu aliye pekupeku aliguse. Kwa hiyo ethi peke yake, katika umeme wa namna yetu, haitoshi, na breka nzuri peke yake haitoshi.

Kinachoziba pengo hilo ni breka ya uvujaji, ambayo mafundi huiita RCCB na wakongwe bado huiita ELCB. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaokwenda kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika kama milliampea 30, maana yake kuna umeme unaopotelea mahali pengine, pengine mwilini mwa mtu, inakata kabla moyo haujavurugika. Soketi zote, hita ya kuogea na chochote cha nje ya nyumba kipite chini ya RCCB ya milliampea 30. Usinunue bodi isiyokuwa nayo, na usimwache fundi akuambie kwamba “hizi zinasumbua”.

Ethi yenyewe iwe fimbo ya chuma iliyovikwa shaba, isipungue mita 1.2, ipigiliwe yote ardhini, iunganishwe kwa kibano cha shaba ndani ya kijishimo chenye kifuniko ili kiungo kikaguliwe. Waya kutoka hapo hadi kwenye bodi uwe mnene, wa milimita za mraba 16. Pima kiangazi. Ukipima wakati wa masika, ardhi ikiwa imelowa, utapata namba ya kujisifia ambayo Januari haipo tena. Namba ikiwa kubwa, ongeza fimbo ya pili umbali usiopungua urefu wa ile ya kwanza, uziunganishe. Chumvi na mkaa vinavyopendwa na mafundi husaidia kwa muda, kisha mvua huosha chumvi na kutu hula chuma. Lenga kushuka chini ya omu 200 hata kiangazi kikali, ingawa kwenye ardhi nzuri utapata chini sana ya hapo.

Na kamwe fundi asiunganishe nyutro na ethi ndani ya bodi ili “kupata ethi ya bure”. Kwanza RCCB haitakaa. Pili, nyutro ikikatika kule nguzoni, jambo linalotokea upepo ukiwa mkali, kila bati ndani ya nyumba yako linageuka kuwa waya wa moto: friji, jiko, bomba la hita.

Ndani ya bodi

Breka inalinda waya, hailindi kifaa. Ukishika hilo, hesabu za ukubwa hazikusumbui. Waya wa 1.5 wa taa, breka ya 6 au 10. Waya wa 2.5 wa soketi au kiyoyozi, breka ya 16 au 20. Waya wa 6 kwa hita kubwa na waya wa 6 mwingine kwa jiko, kila kimoja na breka yake ya 32. Waya wa kuingia kutoka mita, 16. Breka ikiruka mara kwa mara, jibu ni kuongeza waya au kupunguza mzigo. Anayekutolea ya 20 na kukuwekea ya 40 kwenye waya uleule ameupa waya ruhusa ya kuungua ukutani.

Nunua bodi yenye nafasi zaidi ya unazohitaji, angalau nne. Wapangaji na vyumba vya nyongeza havibishi hodi. Kama mfuko unaruhusu, chagua breka zenye kinga ya uvujaji kwa kila laini, ili hita ikiharibika friji isizime pamoja nayo. Mfuko ukibana, gawa bodi kwa RCCB mbili.

Sokoni breka bandia ni nyingi. Usoni pa breka halisi pana herufi na namba, kama C20, na chini yake namba ndani ya mstatili, mara nyingi 6000. Hiyo ni ampea za shoti ambazo breka inaweza kuzikata bila kupasuka. C inavumilia msukosuko wa kuanza kwa pampu na kiyoyozi kuliko B. Isiyo na mstatili huo, yenye maandishi yanayofutika kwa kidole, nyepesi mkononi, iache dukani. Angalia alama ya TBS, chukua risiti ya mashine, na usichanganye breka za kampuni tatu kwenye reli moja. Baa ya shaba ya kampuni moja haikai vizuri kwenye breka ya nyingine.

Skrubu ndizo huunguza bodi. Waya usiobanwa sawasawa hupata joto, joto hulegeza skrubu zaidi, na ndiyo ile harufu ya jioni. Mkoani Tanga, Dar au Mtwara chumvi ya bahari inaongeza kutu juu yake. Mkubaliane kabisa na fundi kwamba baada ya mwezi mmoja atarudi kukaza skrubu zote, na malipo ya mwisho yasubiri siku hiyo. Matundu yote yasiyotumika yazibwe. Mjusi anapenda joto la bodi, na akilala kati ya waya wa moto na nyutro, mtakosa umeme wote wawili.

RCCB ikianza kuruka siku ya kwanza

Itaruka, hasa nyumba ikiwa ya zamani. Si ubovu wa RCCB. Kasoro zilizokuwa zimelala miaka ishirini zimepata wa kuzisema. Chomoa kila kitu, shusha breka zote, pandisha RCCB, kisha pandisha breka moja moja na kurudisha vifaa vyake kimoja kimoja. Ile inayoiangusha ndiyo yenye mgonjwa: hita yenye elementi iliyopasuka, soketi ya nje iliyoingia maji, au friji kuukuu. Ikiruka bila kifaa chochote kuchomekwa, mara nyingi ni nyutro ya kuazima: taa ya korido imepewa moto kutoka laini moja na nyutro ya laini nyingine, kwa sababu fundi wa kwanza aliona waya umekaribia. Itafutwe na kurekebishwa. Fundi atakayependekeza kuiruka RCCB kwa kipande cha waya, mlipe alipofika na mwite mwingine.

Nyumba yenye mita mbili ina ugonjwa wake wa namna hiyo, na huu unavuka mpaka. Mita nyingi za siku hizi hupima waya wa moto na nyutro pia. Chumba cha mpangaji kikichukua moto kutoka mita yake na nyutro ikarudi kupitia yako, mita zote mbili zitaona umeme usiolingana. Nyingine huandika kwamba zimechezewa, nyingine hukata. Umeme haujaibiwa na mtu, lakini ni wewe utakayeeleza. Nyutro za kila mita zikae kwenye baa yake, zisikutane popote baada ya mita.

Kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una rimoti ya kuingizia tokeni, aina nyingi huongea na mita kupitia nyaya hizohizo za umeme. Soketi ya rimoti itoke kwenye laini ya TANESCO, isiwe nyuma ya inveta au stabilaiza, la sivyo utakaa unaandika namba na mita haisikii. Jenereta na sola navyo viingie kwa chenji ova inayokata upande mmoja kabisa kabla ya kuunganisha mwingine. Jenereta iliyochomekwa kwenye soketi ya ukutani hupeleka umeme kinyumenyume hadi nguzoni, ambako kijana wa TANESCO amepanda akijua laini imezimwa.

Kabla hujamlipa fundi

Omba mchoro wa bodi ubandikwe ndani ya mlango wake, kila breka na jina lake kwa Kiswahili unachokielewa: jikoni, hita, taa za juu. Omba vipimo kwa maandishi: ethi omu ngapi, mega imetoa nini kwa kila laini (chini ya megaomu moja, usipokee), RCCB imekata ndani ya muda gani. Bonyeza mwenyewe kitufe cha T kwenye RCCB mbele ya fundi, lazima ianguke. Kirudie kila baada ya miezi michache.

Mwisho, simama mbele ya mita. Shusha breka zote ndani ya bodi, acha isoleta juu, angalia kataa kekundu ka mita kwa dakika kadhaa. Kasipepese hata mara moja. Kakipepesa, kuna mtu au waya unaokula kati ya mita na bodi yako, na hapo mwite fundi kabla ya kulipa. Kisha pandisha breka moja ya soketi na uchomeke birika la kilowati 2 lililojaa maji. Mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh inapaswa kupepesa kama mara 33 kwa dakika. Ikipepesa 50, kwanza hakikisha hakuna kingine kinachokula, kisha soma tena wati za birika. Ikiendelea kupepesa 50, andika ombi TANESCO mita ipimwe, ukiambatanisha tarehe, saa na namba ulizohesabu.